Baba anasubiri Kifaransa, nami moyo uko kwenye Kijerumani

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 17, nasoma kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari hapa Tanga mjini. Nakuomba usitaje jina langu wala la shule, kwa kuwa mwalimu wetu wa malezi hukata safu hii na kuibandika kwenye ubao wa matangazo.

Shuleni kwetu Kifaransa ni somo la kuchagua. Tulipoanza kidato cha kwanza tulikuwa 35, sasa tumebaki 11, na kati ya hao 11 mimi ni wa tisa. Kijerumani si somo bali ni klabu, ambayo hukutana Jumatano baada ya vipindi na Jumamosi asubuhi chini ya mwalimu wetu wa jiografia, aliyewahi kusoma Ujerumani, akisaidiwa na kijana mmoja wa Kijerumani aliyekuja kujitolea hadi mwezi wa nane.

Baba yangu ni dereva wa lori. Huchukua mizigo bandarini Dar es Salaam na kuipeleka Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa, na nyumbani kwetu Ngamiani tunamwona kila baada ya wiki tano au sita. Nilipokuwa darasa la pili aliwahi kukwama huko Kongo kwa siku tisa kwa sababu ya karatasi ya Kifaransa aliyoitia saini bila kuielewa, akalipa fedha ambazo mpaka leo anaamini hakustahili kuzilipa. Aliporudi aliniambia, "Mwanangu, wewe ndiye utakayenisomea." Kifaransa nilikichagua mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, ila nilikichagua kwa ajili ya neno lile. Kila Jumapili jioni akipiga simu lazima aseme, "Hebu niambie kitu kwa Kifaransa," nami humtajia sentensi zilezile nne tano nilizozihifadhi, naye hucheka kwa furaha na kumpa utingo wake simu asikilize.

Ukweli ni kwamba Kifaransa kinanishinda. Kipindi chetu ni imla, kunyambua vitenzi ubaoni na kunakili. Neno linaandikwa kwa herufi tano, zinatamkwa mbili tatu. Wakihesabu na kufika 70 hawana jina la namba hiyo, husema sitini na kumi. 80 ni ishirini nne, na 97 ni ishirini nne na kumi na saba. Mwalimu wetu ni mpole, wala simlaumu, lakini ni mtu wa kitabu na ubao. Mtihani wa muhula uliopita nilipata 31.

Kijerumani ni kitu kingine kabisa. Neno linasomwa karibu kama lilivyoandikwa, kama Kiswahili. Tunaimba, tuna gazeti letu la ukutani, tulikwenda kwenye Boma la zamani ambalo sasa ni makumbusho tukatafuta maandishi ya Kijerumani kwenye picha za kale, na siku moja tulipika kachumbari yao ya viazi kwa viazi vya Lushoto, ambayo ilitushinda kula mpaka tulipoitia pilipili. Sasa tunaandaa igizo la dakika 20 litakaloonyeshwa siku ya wazazi mwishoni mwa mwezi wa saba. Mimi ni bibi aliyepoteza tiketi ya treni. Nina mistari 14 na yote ninayo kichwani. Yule kijana anasema matamshi yangu yanawashinda wenzangu wote. Ni kweli kwamba wiki iliyopita aliniuliza jambo lililo nje ya igizo, kwamba nimekuja shuleni kwa usafiri gani, nikaduwaa mpaka mwenzangu akanijibia, lakini nadhani hiyo ni kwa sababu nilishtukizwa.

Kosa langu ni hili. Baba hutuma shilingi 5,000 kila wiki kwa ajili ya tuisheni ya Kifaransa ya Jumamosi asubuhi, saa ileile ya mazoezi ya igizo. Sasa ni wiki ya sita sijaenda tuisheni. Fedha sijazila, shilingi 30,000 zote zimo ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Mama anajua habari ya igizo lakini nilimwambia kuwa tuisheni imehamishiwa jioni. Kibaya zaidi, mwezi uliopita baba alinitumia picha ya karatasi ya Kifaransa aliyopewa mpakani, nami kwa hofu nikaipitisha kwenye programu ya kutafsiri katika simu ya mama, nikanakili kwa mwandiko wangu na kumtumia kama kazi yangu. Alifurahi mno. Amewasimulia madereva wenzake, na sasa anasema safari hii akifika Lubumbashi atanipigia ili nizungumze Kifaransa na rafiki yake mfanyabiashara.

Mwalimu wa Kifaransa amegundua kwamba nimo katika igizo. Hakunigombeza, aliniambia tu, "Mshika mbili moja humponyoka," akaendelea kusahihisha madaftari. Rafiki zangu wananishauri niache Kifaransa kabla majina hayajapelekwa kwa usajili wa mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa Ujerumani kuna nafasi za kusomea uuguzi. Wengine wanasema Kifaransa ndicho chenye fedha kwa sababu ya bomba la mafuta linalokuja Chongoleani. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, na kwa bibi ni Kidigo. Huko kote sina shida. Je, mimi si mtu wa Kifaransa? Nimejaliwa lugha moja tu ya Ulaya na nyingine nimenyimwa? Na baba nitamwambiaje?

Mwanao wa Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nimebadilisha mambo mawili matatu katika barua yako ili huyo anayeibandika ubaoni asikutambue. Hata igizo lenyewe si lile uliloniandikia. Yaliyobaki ni yako, na nimeyasoma mara tatu, maana barua yako inaniuliza kuhusu lugha lakini kila nilipogeuza ukurasa nilimkuta baba.

Nikikuelewa vizuri, unaona mbele yako njia panda: upande mmoja Kifaransa, ambacho ni somo la mtihani, ni matumaini ya baba na ni maksi 31, upande mwingine Kijerumani, ambacho ni furaha, ni jukwaa na ni sifa. Kati ya pande hizo umeweka uongo mdogo wa kopo la maziwa na uongo mkubwa wa karatasi ya mpakani, na sasa unaogopa kwamba ukichagua upande wowote yote yatafichuka. Ningependa tulifungue fundo hili uzi mmoja mmoja, kwa sababu nadhani umeyafunga pamoja mambo ambayo hayakuzaliwa pamoja.

Naanza na hilo la kuwa "mtu wa Kifaransa" au la. Rudia barua yako utazame jinsi ulivyozieleza lugha hizi mbili. Ulipozungumzia Kifaransa ulinieleza kipindi: imla, ubao, kunakili. Ulipozungumzia Kijerumani ulinieleza shughuli: wimbo, gazeti la ukutani, Boma, sufuria ya viazi, bibi na tiketi yake. Ukiacha tahajia na zile hesabu, hukunieleza lugha zenyewe. Sasa najiuliza, na wewe ujiulize: unachokipenda ni Kijerumani, au ni kule kujifunza kwa kusimama, kuimba na kucheka na wenzako? Kama klabu ingekuwa ya Kifaransa na imla ingekuwa ya Kijerumani, barua hii ungeiandikaje? Sina jibu. Inawezekana kabisa kwamba sauti za Kijerumani zimekuingia moyoni kwa haki yake, mambo ya namna hiyo yapo. Lakini hujawahi kukutana na lugha hizi mbili katika chumba kimoja chenye hali sawa, kwa hiyo ni mapema kusema umenyimwa moja.

Kuna jambo jingine ambalo umelitaja na kulipita haraka, nami nilisimama hapo muda mrefu. Una sentensi nne tano za Kifaransa unazomtajia baba Jumapili, na una mistari 14 ya Kijerumani unayoitoa kwenye mazoezi. La kwanza unalionea aibu na la pili unalionea fahari, lakini mwanangu, si ni kitu kimoja? Yote mawili ni maneno yaliyohifadhiwa. Yule kijana alipokuuliza swali la nje ya igizo, uliduwaa kama ambavyo unahofia kuduwaa mbele ya mfanyabiashara wa Lubumbashi. Sikulaumu kwa kuhifadhi. Watoto wetu wa pwani huanza chuo cha Kurani kwa kuhifadhi, na maana huja baadaye kwa mwalimu mwenye subira. Ila maana ina siku yake ya kuja, na siku hiyo Kijerumani nacho kitakuwa na ubao wake.

Chukua swali lenyewe ulilokosa. Tuseme ulitaka kujibu kwamba ulikuja kwa baiskeli, kama watu wengi wa mji wenu. Ungesema: "Ich bin mit dem Fahrrad zur Schule gekommen." Baiskeli kwa Kijerumani ni "das Fahrrad", lakini ikitanguliwa na "mit" ile "das" inageuka "dem". Shule ni "die Schule", ambalo ndilo neno lililotuzalia "shule" yetu, lakini ndani ya "zur" ile "die" imegeuka "der" na kumezwa. Na kitenzi chenye maana ya kuja kimesubiri mpaka mwisho wa sentensi kama mzee anayeingia barazani wa mwisho. Lugha hiyo ina jinsia tatu za nomino na hali nne zinazobadilisha vile vijineno vya mbele. Sisemi haya ili kukukatisha tamaa. Nasema ili ujue kwamba urahisi unaouona sasa ni urahisi wa mlangoni, na ndani kuna kazi.

Kifaransa, kwa upande wake, kina ugumu wake mlangoni na wepesi fulani ndani, hasa kwa mtu aliyelelewa kwa Kiswahili na Kidigo. Sisi tunasema "kitabu kidogo cheusi" na "vitabu vidogo vyeusi", na ngeli hupita katika kila neno kama uzi kwenye shanga. Mfaransa husema "le petit livre noir" na "la petite table noire", na yeye pia hupitisha uzi wake hadi kwenye vivumishi. Tofauti ni kwamba ngeli zake ni mbili tu na wewe umezoea nyingi zaidi. Tunasema "ninakuona", na anayeonwa amekaa katikati, kabla ya shina la kitenzi. Naye husema "je te vois", na "te" imekaa palepale. Kama hakuna aliyewahi kukuonyesha mambo haya, basi umekuwa ukibeba mgongoni mzigo ambao tayari una gari la kuubebea.

Sasa methali ya mwalimu. Mshika mbili moja humponyoka ni kweli kwa anayeshika kwa mikono, lakini wewe unaniambia kwamba nyumbani ni Kiswahili, kwa bibi ni Kidigo, na darasani, nadhani, fizikia na historia unasomeshwa kwa Kiingereza. Hizo ni tatu na hakuna iliyoponyoka. Hata hivyo usimpuuze mwalimu wako, kwa kuwa huenda hakusema habari ya ubongo bali ya Jumamosi, na Jumamosi asubuhi kweli ni moja. Na huenda pia alikuwa anasema habari yake mwenyewe. Mtu aliyeanza na wanafunzi 35 akabaki na 11, kisha akamwona mmoja wa hao 11 anaelekea chumba cha pili ambako kuna ngoma na kicheko, anaweza kutoa methali kwa sababu hana namna nyingine ya kusema kwamba ameumia.

Hapo nina swali dogo. Ulimwambia mama kwamba tuisheni imehamishiwa jioni. Je, uliwahi kumuuliza mwalimu kama inaweza kuhamishiwa jioni? Sijui ana majukumu gani, na anaweza kukataa. Lakini ndani ya uongo wako kuna pendekezo ambalo, kwa barua yako, halijawahi kumfikia mwenye uamuzi.

Nikigusa njia zilizo mbele yako, ziko zaidi ya mbili, na kila moja ina bei yake.

Kuacha Kifaransa kunawezekana, lakini kabla ya hapo kaa na mwalimu wa taaluma mhesabu masomo yako. Daraja la kidato cha nne hupangwa kwa masomo saba unayofanya vizuri zaidi, kwa hiyo kama una masomo saba mengine yaliyo imara, Kifaransa chenye alama ya chini hakikuvuti chini kama unavyohofia. Na kama huna, hilo nalo ni vyema kulijua mapema. Ukiacha, utapata nafuu ya muda na ya roho, lakini utakuwa umeufunga mlango wa tahasusi kama KLF, yenye Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, kwa msingi wa muhula mmoja mbaya. Ukibaki, unabaki na hatari ya kupata 31 nyingine, au chini ya hapo, na kuchoka kabisa.

Kukishikilia Kijerumani peke yake pia kunawezekana. Nakuomba tu uweke jicho kwenye mwezi wa nane. Kijana wa kujitolea ataondoka. Je, mwalimu wa jiografia ataendelea peke yake? Igizo likishaonyeshwa, klabu ina mpango gani wa Septemba? Klabu haitoi cheti. Anayetaka kuthibitisha kiwango chake hufanya mtihani wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani iliyo Dar es Salaam, na mtihani huo una ada. Ngazi ni sita, kuanzia A1 hadi C2, na wanaokwenda Ujerumani kusomea uuguzi kwa kawaida hudaiwa B1 au B2, yaani ngazi ya tatu au ya nne. Kwa mikutano miwili ya wiki, yenye nyimbo na mazoezi ya jukwaani, kufika huko ni safari ya miaka. Tena rafiki zako wanazungumzia uuguzi kana kwamba ni jina la ndege. Mimi sijaona popote katika barua yako kwamba unataka kuhudumia wagonjwa. Kama unataka, vyema sana, na biolojia yako ina neno la kusema hapo kabla ya Kijerumani.

Kuhusu bomba la Chongoleani, ni kweli kwamba kampuni yenye hisa kubwa zaidi, TotalEnergies, ni ya Kifaransa, na bomba lenyewe, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, linaishia kwenu Tanga. Lakini kampuni kuwa ya Kifaransa hakumaanishi kwamba getini watakuuliza Kifaransa. Watakuuliza kwanza una ujuzi gani. Kama ni sababu ya kukithamini Kifaransa, mimi ningetazama zaidi upande wa magharibi, alikopita baba yako: Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi ilikuwamo tangu 2007, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za jumuiya hiyo waliridhia Kifaransa kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Pale Arusha iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako wakalimani wa Kifaransa hawana budi kuwapo. Hizo si ahadi za ajira. Nimezitaja ili ushauri wa rafiki zako wa kuacha Kifaransa usikae bila mpinzani.

Kuna njia ya tatu, ambayo ina usumbufu wake: kupeleka mbinu za klabu kwenye Kifaransa. Wanafunzi 11 ni darasa dogo, na udogo huo unaofanana na kushindwa ndio unaofaa kwa igizo, kwa duka la kuigiza ambamo bei zote zinatajwa kwa Kifaransa mpaka 97 izoeleke mdomoni, au kwa nusu ya lile gazeti la ukutani. Tarehe 20 Machi ni siku ya kimataifa ya mataifa yanayotumia Kifaransa, na shule inaweza kuifanya kuwa siku yenu ya jukwaa. Nyumbani, redio za RFI na DW zote zina matangazo ya Kiswahili, na kwenye mitandao yao zina masomo ya bure, RFI ya Kifaransa na DW ya Kijerumani. Hatari yake ni kwamba mwalimu anaweza kusikia pendekezo lako kama shutuma, kwamba vipindi vyake vinachosha. Kwa hiyo, ukienda, pengine ingefaa usiende na pendekezo bali na tatizo. Watu wapole wa kitabu na ubao mara nyingi hufunguka wanapoombwa msaada kuliko wanaposhauriwa. (Mimi mwenyewe nilisoma Kifaransa miaka miwili, na kilichobaki ni siku za wiki na wimbo mmoja wa kuku. Siku za wiki tulizipata kwa imla, wimbo tuliupata chini ya mwembe, na siwezi kukuambia kipi kimekaa vizuri zaidi.)

Na sasa baba.

Nitasema hili polepole kwa sababu najua linauma. Unaiogopa ile tafsiri kwa kuwa itakuaibisha. Mimi naiogopa kwa sababu nyingine. Baba yako alikwama siku tisa kwa kutia saini karatasi ambayo hakuielewa, na tangu siku ile, nadhani, amekuwa mwangalifu. Karatasi asiyoielewa huishika kwa mbali. Sasa anaamini ana mtu wa kumsomea. Programu ya simu mara nyingi hutafsiri vizuri, na mara nyingine hukosea neno moja lililo zito kuliko yote, hasa kwenye karatasi za forodha, na wewe hukuwa na njia ya kujua ni lini imekosea. Safari ijayo anaweza kutia saini kwa kukuamini. Sidhani kama uliliwaza hilo ulipokuwa unanakili, ulikuwa na hofu tu. Nakuwekea mbele ili ulipime pamoja na mengine.

Kumwambia kuna namna kadhaa. Kwa simu Jumapili ni haraka, lakini yuko barabarani, utingo anasikiliza, na mtu aliyejisifu kwa wenzake anaweza kujibu kwa hasira asiyokusudia. Kumsubiri arudi kunakupa uso kwa uso, ila ile simu ya Lubumbashi inaweza kutangulia. Kupitia kwa mama ni desturi yetu na ina busara, lakini mama naye umemdanganya, kwa hiyo mazungumzo ya kwanza yatakuwa ya kwake kabla hayajawa ya baba, na usishangae akinyamaza siku moja mbili. Lile kopo la shilingi 30,000 uliliona kama ushahidi wa kosa. Mimi naliona pia kama ushahidi wa mtu ambaye hakuweza kula fedha za baba yake, na sidhani kama wazazi wako watashindwa kuliona hivyo, ingawa huenda wasilione siku ya kwanza.

Jambo moja zaidi kuhusu huyo rafiki wa Lubumbashi. Mji ule unazungumza Kiswahili, cha kwao, chenye ladha yake, lakini Kiswahili. Baba yako na mfanyabiashara huyo miaka yote hii wanaelewana bila wewe. Kwa hiyo hakuhitaji katika mazungumzo. Anachokihitaji ni msomaji wa karatasi. Simu ile anaitaka kwa sababu ana binti na anataka asikike. Sijui kama hilo linakupunguzia mzigo au linakuongezea, ila nadhani linabadilisha kile unachodaiwa. Kusoma karatasi kwa kamusi, taratibu, na kusema "hapa sijui", ni kazi ambayo hata mtu wa maksi 31 anaweza kuianza.

Picha ya ile karatasi bila shaka bado imo katika simu ya mama. Ungeweza kuifungua tena, safari hii bila programu, ukae nayo na kamusi, na penye kukushinda umpelekee mwalimu wako kama tatizo lile nililolisema. Huenda ukakuta juu yake neno "poids", yaani uzito, ambalo herufi zake ni tano na hutamkwa "pwa", kama maji ya bahari yanavyofanya pale Raskazone. Na ukifika kwenye namba, kuna jambo ambalo pengine halimo katika kitabu chenu. Kifaransa cha Kongo kilitoka kwa Wabelgiji, na Wabelgiji 70 hawaiiti sitini na kumi. Wana jina lake, "septante", na 90 ni "nonante". Baba yako amezisikia namba hizo kwenye mizani na kwenye maghala kwa miaka, kuliko wewe, na labda kuliko mwalimu wako. Jumapili akikuambia umwambie kitu kwa Kifaransa, unaweza kumuuliza yeye kwanza: baba, kule Kasumbalesa sabini wanaitaje?